Umetundika daluga, mikono inataka nini?

Wasomaji wa Lubondja, Fizi na Baraka wanauliza wafanye nini na ari yao baada ya kuacha mashindano. Anajibu beki wa zamani ambaye sasa ni seremala na kocha wa vijana.

Nilianza kudaka kambini Nyarugusu, nikaendelea Lubondja tuliporudi. Sasa goti limekataa. Kila Jumapili saa tisa nikisikia kelele za uwanjani, najifungia ndani. Nifanyeje?

Ndugu yangu, jiulize kwanza unakosa nini hasa, maana mpira ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja. Kuna anayekosa mashabiki, na kuna anayekosa ule utani wa wenzake wakati wa kuvua soksi. Mimi nilidhani nakosa kushinda. Kumbe nilikosa kurudia jambo moja mara mia mpaka likubali. Nililikuta kwa seremala jirani. Siku ya kwanza tezo ilinichubua kidole gumba, na kigoda changu cha kwanza kilikuwa na mguu mmoja mfupi kwa upana wa vidole viwili. Nilicheka kama siku niliyojifunga goli.

Wewe ni golikipa. Jicho lako limezoea kupima, na mikono yako haiogopi kitu kigumu. Wabembe wa huku kwetu ni wachongaji tangu zamani: barakoa ya alunga, yenye uso mmoja mbele na mwingine nyuma, inatazamwa hadi kwenye makumbusho ya Ulaya. (Sikuambii uanze na hiyo, ina wenyewe, na wana taratibu zao. Anza na mwiko.) Hiyo saa tisa ya Jumapili ndiyo iwe saa yako ya kuchonga, usiiache tupu.

Nina miaka 31. Sanaa si ya waliozaliwa nayo?

Eric Cantona aliacha mpira mwaka 1997 akiwa na miaka 30, bado nahodha wa Manchester United, akageukia uigizaji. Mwaka 2009 alionekana katika filamu ya Ken Loach, Looking for Eric. Utasema yule alikuwa na fedha. Kweli, sikatai. Basi mtazame wa kwetu, Robert Kidiaba, kipa wa zamani wa Mazembe: alipokuwa akishangilia goli kwa kurukaruka akiwa amekaa chini, ile ilikuwa nini kama si ngoma? Tena aliicheza na glavu mikononi.

Umri si tatizo, tatizo ni aibu. Jana uwanja mzima ulikuita Jemedari; leo kwenye kwaya unakaa safu ya nyuma, na mtoto wa miaka 14 anakurekebisha besi. Aibu hiyo hukaa miezi. Endelea kwenda mazoezini ukiwa nayo hivyo hivyo.

Gita litanilisha?

Mwaka wa kwanza halitakulisha. Lima, vua dagaa, uza sabuni, na gita lipige jioni. Hata mpira haukuwa na ahadi hiyo. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo, na bado aliishia ukimbizini Afrika Kusini, akilinda magari ya watu Cape Town. Alifariki mwaka 2019.

Mwanangu aliumia, ameacha mpira, anashinda kitandani. Nimpeleke kwaya kwa nguvu?

Hapana, mama. Na usimwambie kwamba mpira ulikuwa mchezo tu. Kwake haukuwa hivyo. Akikosa usingizi na chakula kwa majuma, mpeleke kituo cha afya kwanza. Kama ni huzuni ya kawaida, mwombe akutengenezee kigoda cha jikoni, umtafutie mbao na fundi wa kumwelekeza. Kikiyumba, kikalie hivyo hivyo mbele ya wageni.