SOMO LA AFYA: MLANGO MPYA WA MOYO



Katika somo la leo tutajifunza habari za upasuaji wa kubadilisha milango ya moyo. Wengi wetu tumesikia kuwa fulani amepelekwa Dar es Salaam kupasuliwa moyo. Wengine wakiambiwa hivyo huogopa, wakarudi nyumbani. Basi tujifunze, maana jambo ukilielewa hofu hupungua.

Moyo una milango

Moyo ni pampu ya damu. Una milango minne, nayo huitwa valvu. Sote tunaijua valvu ya baiskeli. Hupitisha upepo uingie, lakini hairuhusu utoke. Valvu za moyo nazo ni hivyo hivyo: hupitisha damu upande mmoja tu. Kwa siku moja moyo hupiga mara 100,000 hivi.

Kwa nini mlango huharibika?

Kwa vijana wengi wa Afrika, ubaya huanza kooni. Mtoto huumwa mafindofindo, hatibiwi vizuri, kisha hupata homa ya rumatiki. Homa hii huharibu valvu pole pole. Miaka ikipita, mtu huishiwa pumzi akipanda kilima, miguu huvimba, na usiku hawezi kulala chali.

Siku ya upasuaji

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, hasikii maumivu. Daktari hupasua mfupa wa kifua. Mashine hushika kazi ya moyo na mapafu wakati valvu mbovu inatolewa na mpya inashonwa. Kazi hii si ya jana. Mwaka 1960, huko Portland, Marekani, daktari Albert Starr alimwekea mgonjwa valvu aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Hapa Tanzania upasuaji huu hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Mfupa wa kifua huunga kwa wiki 6 hadi 12. Muda huo hakuna kubeba ndoo ya maji, wala kulima.

Valvu ziko aina mbili

Ya kwanza ni ya kutengenezwa kiwandani, ambayo watu huiita ya chuma. Hudumu miaka mingi sana. Lakini damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hiyo mgonjwa humeza kidonge cha wafarini kila siku, maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara.

Ya pili hutokana na ng'ombe au nguruwe. Mara nyingi haihitaji wafarini maisha yote, lakini huchakaa. Kwa watu wengi hudumu miaka 10 hadi 15, na kwa vijana huchakaa upesi zaidi. Ambaye dini yake inakataza nguruwe aseme mapema.

Mwanamke ambaye bado anataka kuzaa naye aseme kabla ya upasuaji. Wafarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Hatari ya kusema "nimepona"

Tuchukue mfano. Mama mmoja amewekewa valvu ya chuma. Amerudi kijijini, ana nguvu, analima. Vidonge vinakwisha na nauli hana. Anajisemea, "Mbona mimi nimeshapona!" Kumbe damu inaganda, mlango unakwama. Au donge la damu linakwenda kwenye ubongo, naye anapooza. Nauli ya kliniki ni bora ipangwe na jamaa wote kabla ya upasuaji, si baada yake.

Tukumbuke haya:
- Tumeze kidonge saa ile ile kila siku. Tusizidishe, tusipunguze.
- Mchicha, kisamvu na matembele tule kwa kiasi kile kile. Tukibadilisha sana, nguvu ya dawa hubadilika.
- Tusinywe aspirini wala dawa za miti shamba bila kumwuliza daktari.
- Tukitaka kung'oa jino, tumwambie mganga kwanza kuwa tuna valvu ya kuwekewa.
- Tukitokwa damu isiyokoma, au choo kikiwa cheusi, twende hospitali mara moja.

Na mtoto akiumwa koo, tumpeleke zahanati mapema. Dawa ya koo ni rahisi kuliko kupasua moyo.

Maswali ya kujadili
1. Valvu ya moyo inafanana vipi na ya baiskeli?
2. Kwa nini mama yule asingeacha vidonge?
3. Kutoka kijijini kwetu, damu inaweza kupimwa wapi, na nauli ni shilingi ngapi?