Mstari wa pili ulioonekana asubuhi: ni mimba au si mimba?

"Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Bariadi. Siku zangu zilitakiwa kuanza Jumatatu ya wiki iliyopita, hazikuanza. Jumanne jioni nilinunua kipimo duka la dawa nikapima, ukatoka mstari mmoja. Nikakiacha dirishani. Asubuhi nakiangalia naona kama kuna mstari wa pili, hafifu sana. Sasa kichwa kinauma, nachoka, natapika. Jirani anasema hiyo ni malaria, ninywe tu dawa mseto. Je, nina mimba au sina? Na hizo dawa ninywe?"
Mama wa wawili, Bariadi

Kipimo cha Jumanne jioni hakijamjibu mama huyu lolote, wala kwa mstari mmoja wa jioni wala kwa ule wa pili wa asubuhi. Siku zake zimechelewa wiki nzima sasa, kwa hiyo huu ndio wakati mzuri wa kupima. Anunue kipimo kingine, apime kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, akisome kwa saa. Dawa mseto asiimeze bado. Kwanza aende zahanati apimwe malaria, na akifika tu amwambie mhudumu kwamba amekosa siku zake.

Kipimo cha mimba kinatafuta kitu kimoja tu kwenye mkojo, nacho ni homoni inayoitwa hCG. Homoni hiyo inatengenezwa na mimba yenyewe, tena baada ya kujipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Yai likirutubishwa husafiri kwanza kwenye mrija, na kwa wanawake wengi hujipandikiza kati ya siku ya 8 na ya 10 baada ya yai kutoka. Kabla ya hapo mkojo hauna cha kuonyesha. Baada ya hapo homoni huongezeka haraka, karibu mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana mwanamke aliyepima Jumanne akapata mstari mmoja anaweza kupima Jumapili akapata miwili iliyokolea, na vipimo vyote viwili vikawa vizima.

Mtafiti wa Marekani, Allen Wilcox, na wenzake waliwafuatilia wanawake kwa kupima mkojo wao kila siku, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo ambayo kila muuza dawa angefaa kuyajua. Siku ya kwanza ya kukosa hedhi, karibu mimba 1 kati ya 10 ilikuwa bado haijajipandikiza. Kipimo chochote, hata kiwe cha bei gani, kisingeweza kuiona. Wiki moja baadaye, zilizokuwa bado hazionekani zilibaki kama 3 kati ya 100. Mama wa Bariadi alipima siku moja baada ya siku zake kuchelewa, na alipima jioni, pengine baada ya kunywa maji mengi mchana kutwa kwa sababu ya joto. Maji huupunguza nguvu mkojo, na homoni kidogo iliyopo inazimuliwa. Mkojo wa asubuhi umekaa kibofuni usiku kucha, kwa hiyo una homoni nyingi zaidi.

Sasa ule mstari wa asubuhi. Kwenye kipimo kuna sehemu mbili, moja imeandikwa C na nyingine T. Mstari wa C lazima utokee, kwa sababu ndio unaothibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi. Usipotokea, kipimo kimeharibika na kinatupwa, hata kama T imeng'aa. Mstari wa T ndio wa mimba. Ukitokea ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi, ambao kwa vipimo vingi ni dakika 3 hadi 5, ukiwa na rangi, basi mimba ipo hata kama mstari ni mwembamba na umefifia. Hakuna "mimba kidogo". Lakini dakika 10 zikishapita, kipimo hakisomwi tena. Mkojo ukikauka kwenye karatasi ile unaweza kuacha alama ya kijivu isiyo na rangi pale pale kwenye T, nayo imewafurahisha wengi na kuwaliza wengi bila sababu. Kipimo kilicholala dirishani usiku mzima hakiaminiki kwa lolote.

Kuna jambo la joto pia. Vipimo vingi vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 30. Katika duka lenye bati lisilo na dari, au kwenye kibanda kinachopigwa jua la mchana, joto hilo linapitwa kwa urahisi. Mnunuzi aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, apapase pakiti kama haijatoboka, na asiifungue mpaka awe tayari kupima. Hiyo ni haki yake, wala asione haya kuomba nyingine.

Wengine hawanunui kabisa. Wanaambiwa waweke mkojo kwenye sukari, chumvi, Jik au dawa ya meno, ukitoa povu mimba ipo. Dawa nyingi za meno zina kemikali inayotoa povu ikikutana na tindikali ya mkojo, na mkojo wa mwanamume nao utatoa povu. Ajabu ni kwamba chura alikuwa kipimo bora mara elfu. Kuanzia miaka ya 1930, kufuatia kazi ya Lancelot Hogben huko Cape Town, maabara za nchi nyingi zilimdunga chura jike wa Afrika Kusini mkojo wa mwanamke, na mwanamke akiwa mjamzito chura alitaga mayai ndani ya siku moja hivi. Chura yule alikuwa anaitikia homoni hii hii ya hCG. Sukari haiitikii chochote.

Tuje kwenye malaria, maana hapa Kanda ya Ziwa ndipo kosa linapotendeka mara nyingi. Uchovu, kichwa kuuma, kichefuchefu na kutapika vinaweza kuwa vya mimba changa, na vinaweza kuwa vya malaria. Ila mimba haileti homa wala baridi ya kutetemesha. Matiti kujaa na chuchu kuuma, kwenda haja ndogo mara kwa mara, kuchukia harufu ya dagaa au mafuta aliyokuwa anayapenda jana, mate kujaa mdomoni, hamu ya udongo unaouzwa sokoni: hizo zinaelekea kwenye mimba. Hata hivyo dalili peke yake hazitoshi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na malaria kwa mjamzito ni hatari kubwa kwake na kwa mtoto. Vipimo viwili, cha mkojo na cha tone la damu kidoleni, vinamaliza ubishi huu ndani ya nusu saa.

Kuhusu dawa yenyewe, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza dawa mseto ya artemether-lumefantrine itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, baada ya miaka mingi ya kutegemea kwinini. Kwa hiyo mjamzito mwenye malaria iliyothibitishwa hakosi tiba. Ila iandikwe na mhudumu anayejua kwamba ana mimba. SP, ile dawa ya kinga wanayopewa wajawazito kliniki, haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Diklofenaki ya maumivu na doxycycline ziachwe pia, wala asimeze tembe alizobakiza jirani.

Wapo wasioweza kuhesabu siku zao. Anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hedhi haijarudi hata mara moja. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango anaweza kukaa miezi mingi, pengine mwaka, bila kuona siku zake, na hana mimba. Watu hawa wasisubiri kalenda. Kanuni inayowafaa ni kupima wiki tatu baada ya tendo la ndoa wanalolitilia shaka. Na aliyeharibikiwa na mimba hivi karibuni ajue kwamba homoni hubaki mwilini wiki kadhaa, hivyo mistari miwili inaweza kuwa ya mimba iliyokwisha kutoka.

Jambo moja halingoji kipimo cha pili wala ushauri wa gazeti. Mwanamke aliyekosa siku zake akapata maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, au damu inayotoka ukeni, kizunguzungu cha kuzimia, au maumivu begani yasiyoeleweka, huenda mimba imetunga nje ya kizazi na mrija unapasuka. Kipimo cha nyumbani kitaonyesha mistari miwili kama kawaida, kwa sababu hakijui mimba imekaa wapi. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Namba ya dharura ya m-mama ni 115, haina malipo, na tangu mfumo huo ulipozinduliwa kitaifa Aprili 2022 umekuwa ukitafuta usafiri kwa wajawazito na watoto wachanga walio mbali na gari la wagonjwa.

Kwa nini kuhangaikia wiki mbili tatu hizi za mwanzo? Mfereji wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga karibu siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Kwa mwenye mzunguko wa kawaida, hapo siku zake zimechelewa wiki mbili tu. Vidonge vya foliki asidi vinasaidia zaidi vikianza mapema, na vyema zaidi hata kabla ya kushika mimba. Pombe inatakiwa iachwe sasa. Na katika mkoa huu wa pamba kuna la kuongeza: mwanamke anayejua ana mimba asibebe bomba la kupulizia dawa ya wadudu, asichanganye dawa hiyo, wala asifue nguo za aliyepulizia. Familia inayomwachia kazi hiyo kwa sababu "bado haionekani" inamhatarisha katika wakati ambao viungo vya mtoto ndiyo vinaumbwa.

Bado wengi wanachelewa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliwakuta asilimia 24 tu ya wajawazito wakiwa wamehudhuria kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 34. Imepanda, lakini theluthi moja ni ndogo mno. Kwa wasichana wa shule hofu ni kubwa zaidi, na wazazi wa Maswa, Meatu, Itilima, Busega na Bariadi wajue kwamba tangu tamko la serikali la 24 Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Kuficha mimba hakumlindi tena na chochote.

Mama wa wawili akipata mistari miwili, aandike mahali tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Wengi hukumbuka kwa palizi ya pamba au kwa siku ya mnada, na mkunga analazimika kukisia. Akiwa na tarehe, hesabu ni nyepesi: kwa mzunguko wa siku 28, huongezwa siku 7 na kurudishwa nyuma miezi 3, hivyo aliyeona damu 10 Machi anatazamiwa kujifungua karibu 17 Desemba. Aende nayo kliniki kabla ya wiki ya 12, na mwenzake akiweza waende pamoja. Huko atapimwa wingi wa damu, shinikizo la damu, VVU, kaswende na malaria, na atapewa kadi. Akipata mstari mmoja, asubiri siku 3 hadi 7 apime tena. Ukibaki mmoja na hedhi haijaja, amwone mhudumu atafute sababu nyingine.