Vijana wangu wamekimbilia ziwani

Swali: Nafundisha ekodim (shule ya Jumapili) huku Kalundu, Uvira. Vijana wakifika miaka 13 hawaji tena. Jumapili asubuhi wako ufukweni. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu mwalimu, usiwaite waasi. Ndakala, yaani dagaa, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mitumbwi ikirudi alfajiri, mikono ya kuanika inatakiwa, nao wanatafuta pesa za shule. Kipindi chao kipeleke saa kumi alasiri. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika: hapo ndipo pa mazoezi ya kwaya. Wape pia wajibu. Kipindupindu hakijauacha mji wetu, basi wawasimamie wadogo kunawa mikono. Asiyeonekana wiki mbili, mfuate nyumbani. Tangu mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, wako waliopoteza hata nyumba.