Simu Zipo, Mpiga Picha wa Nini?

SWALI: Nasaga viungo vya pilau Morogoro, na mwaka huu nina banda Sabasaba. Vijana wangu wana simu nzuri. Kuna haja ya kumlipa mpiga picha?

JIBU: Ipo, ndugu yangu, hata kwa siku moja. Kijana wako pale bandani kazi yake ni kuuza; akishika simu, mteja anapita. Halafu kuna mwanga. Ndani ya banda ni giza, nje jua kali la Julai, na simu itamtoa mteja kama kivuli. Mpiga picha huelekeza flashi kwenye turubai jeupe la juu, uso ukaonekana na maandishi ya pakiti yakasomeka. Picha hiyo utaiweka kwenye bango na kwenye barua ya kuomba nafasi supamaketi. Picha ya simu iliyopita WhatsApp huwa imebanwa, ukiikuza inafifia.

Mwagize mpiga picha mapema picha unazotaka: mteja akinusa iliki, mkono ukipokea pakiti. Akutumie picha chache jioni ileile, maonyesho yakiwa bado yanaendelea. Andikianeni kwamba unaruhusiwa kuzitumia kwenye matangazo. Na mteja mwombe ridhaa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe.