Maji Yanapotea Usiku? Tafuta Uvujaji, Kisha Mlipe Fundi Bila Kujuta

Umejaza tenki jioni. Asubuhi unafungua kifuniko, maji yameshuka na hakuna mtu ameoga. Hapa Lodwar na Kakuma hilo si jambo dogo. Tarach ni laga, unaweza kuupita miezi na miezi ni mchanga tu, na boza likija ni pesa. Basi leo tujifunze mambo mawili: kujua maji yanapotelea wapi, na kulipa fundi kwa njia ambayo haitakuumiza.

Kwanza: ni jua au ni ufa?

Kama una bwawa la kuogelea, au tenki la simiti lisilo na kifuniko, usiite fundi bado. Joto letu na upepo hunywa maji kila siku. Fanya jaribio la ndoo:

1. Jaza ndoo maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa au juu ya mawe ndani ya tenki, maji ya ndoo yawe sawa na maji ya nje.
2. Weka alama mbili: moja ndani ya ndoo, nyingine ukutani.
3. Usichote wala kuongeza maji kwa saa 24.

Kama maji yameshuka sawasawa pande zote mbili, ni jua. Funika tu. Kama ya nje yameshuka zaidi ya yale ya ndoo, kuna mahali yanavuja.

Usidharau sentimita. Tenki lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 likipoteza sentimita 2, hizo ni lita 120, yaani mitungi 6 ya lita 20. Kila siku!

Pili: yanavujia wapi?

Kwa tenki lililofunikwa, funga maji yanayoingia na yanayotoka, weka alama, ulale. Yakishuka, tatizo ni tenki lenyewe. Kagua sehemu paipu inapoingilia, na tafuta alama nyeupe za chumvi kwenye ukuta wa nje. Tenki la plastiki, angalia chini: likikaa juu ya jiwe lililochongoka au msingi usio sawa, hupasuka.

Yasiposhuka, usiku wa pili fungua paipu ya kutoka lakini funga mifereji yote nyumbani. Yakishuka sasa, shida iko kwenye paipu au choo. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi kwa nusu saa. Ukiona rangi imefika kwenye bakuli, umempata mwizi.

Kama una mita ya maji, funga kila kitu uitazame. Ikiendelea kuzunguka, maji yanatoka mahali usipopaona.

Tatu: fundi gani?

Uliza jirani ambaye kazi yake imemaliza angalau msimu mmoja bila kuvuja. Uliza pia duka la vifaa vya ujenzi. Wao wanajua nani hurudi kulalamika. Fundi aliyefanya mtihani wa NITA anaweza kukuonyesha cheti. Kakuma kuna vijana waliosomea ufundi Don Bosco, nao waombe wakuonyeshe kazi waliyofanya.

Mweleze ulichopata kwenye majaribio. Fundi mzuri atakuuliza maswali. Yule anayetaja bei kabla hajaona tenki, achana naye.

Nne: pesa zitoke namna gani?

Hapa ndipo tunataka utusikilize vizuri. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, unaweza kuomba pesa zirudishwe, na ukiwahi una nafasi nzuri zaidi. Lakini ukimlipa fundi kwa hiari yako kisha akapotea, huo si muamala wa makosa. Sisi hatuwezi kuingia kwenye simu yake tukazichukua. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo:

- Andikianeni SMS kabla ya kazi: kazi gani, bei gani, itaisha lini, na akirudia atalipwa au la.
- Pesa za vifaa lipa mwenyewe kwa till ya duka. Usimpe fundi azibebe. Kama kifaa kinatoka Lodwar hadi Kakuma, kilomita 120 hivi, mwambie muuzaji akupe risiti kabla ya kukipakia kwenye gari.
- Soma jina linalotokea unapotuma pesa. Kama si la fundi, simama umuulize. Pengine ni laini ya ndugu yake. Basi aandike hivyo kwenye SMS.
- Gawanya malipo ya kazi. Sehemu akianza, sehemu akimaliza, na ya mwisho baada ya jaribio. Simiti mpya imwagiliwe siku 7 kabla ya kujaza tenki, kisha rudia ile alama ya usiku. Isiposhuka, maliza deni siku hiyohiyo. Fundi naye ana watoto.
- Usifute ujumbe wa muamala. Ukienda kwa mzee wa mtaa au chifu, huo ndio ushahidi wako.

Na PIN yako ni yako peke yako, hata fundi awe rafiki.

Leo jioni, kabla ya kulala, weka alama kwenye tenki. Kesho utajua.