Watu Thelathini Katika Milima ya Marungu

Mtoto wa Kalemie anaujua mto Lukuga tangu udogo wake. Amevuka daraja lake mara nyingi, ameona maji yakitoka ziwani na kwenda upande wa magharibi, wala hajiulizi neno. Kazi ya mto ni kwenda. Lakini zamani watu wa mbali walibishana sana juu ya mto huu. Wengine walisema maji ya ziwa yanatoka hapa, wengine walisema hayatoki. Mwisho wake watu thelathini wakaja kwa miguu toka kusini, mizigo vichwani, wakiivuka milima ya Marungu, ili wauone mto kwa macho yao. Somo hili linaeleza safari hiyo.

Kwanza tazameni ramani. Ziwa Tanganyika ni refu na jembamba, urefu wake kilometa 670 hivi. Ukitoka Kalemie na kufuata pwani ya ziwa kwenda kusini, unafika Mpala, halafu Moba. Toka Kalemie mpaka Moba, kama mtu angeruka kama ndege, ni kilometa 140 hivi. Lakini mtu si ndege. Nyuma ya pwani hiyo nchi inapanda. Maji ya ziwa yako karibu mita 770 juu ya bahari, na vilele vya Marungu vinapita mita 2,000. Mahali pa juu kabisa panafika mita 2,460. Mto Mulobozi unaigawa milima hiyo sehemu mbili, kisha unaingia ziwani kaskazini ya Moba.

Mahali pengine mlima unashuka mpaka majini kama ukuta wa nyumba, hakuna hata mchanga wa kukanyaga. Mwenye mtumbwi anapita chini bila shida, kama upepo ni mwema. Mwenye miguu anapanda. Akifika juu anaona bonde mbele yake na kijito chini. Anashuka, anavuka maji, anapanda tena. Jioni akitazama nyuma, anakuta mahali alipolala jana pako karibu tu, ng'ambo ya bonde. Ndiyo sababu wasafiri wa milimani hawahesabu kilometa, wanahesabu siku.

Tena hewa inageuka. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digri 6. Mtu aliyetokwa na jasho ziwani asubuhi huweza kutetemeka kwa baridi usiku wa kesho yake. Mvua hunyesha tangu Oktoba mpaka Aprili, na mvua ya mlimani haina huruma. Huko juu miti ni michache, ila kando ya vijito. Penginepo ni majani matupu, kilima baada ya kilima. Mbung'o hapendi baridi ile, kwa hiyo ng'ombe huishi vizuri. Wakati wa Wabelgiji palikuwa na mashamba makubwa ya ng'ombe huko Pepa. Katika miti ya kando ya vijito yuko chozi mmoja, ndege mdogo anayenyonya maua, ambaye hapatikani mahali pengine duniani ila Marungu tu. Watu wakikata miti ile, na ng'ombe wakikanyaga kingo za vijito, ndege huyo hana pa kuhamia.

Basi, nani alibishana juu ya Lukuga? Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alipita ziwani kwa mitumbwi, akaona maji ya Lukuga yakitoka polepole katikati ya majani mengi. Mwaka 1876 akaja Stanley kwa mashua. Yeye alikuta mlango wa mto umezibwa na mafunjo na matope, maji hayaendi. Akasema kwamba ziwa linazidi kujaa, na siku moja litavunja kizuizi kile. Huko Ulaya wenye elimu wakasoma habari zote mbili, wasijue wamsadiki nani.

Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilituma msafara. Ulitoka Dar es Salaam mwezi wa Mei, watu karibu 150. Mkubwa wake, Keith Johnston, akaugua tumbo la kuhara damu, akafa mwezi wa Juni, kabla hawajaenda mbali. Aliyebaki ni Joseph Thomson wa Scotland, kijana wa miaka 21. Angaliweza kurudi, na hakuna mtu ambaye angalimlaumu. Akaendelea. Lakini kijana yule hakuwa peke yake. Mnyapara wa msafara alikuwa Chuma, Myao aliyeshikwa utumwani akiwa mtoto, akaachwa huru mwaka 1861. Huyu ndiye Chuma ambaye, pamoja na Susi na wenzao, waliuchukua mwili wa Livingstone toka katikati ya nchi mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi. Katika njia za nchi hizi Thomson alikuwa mwanafunzi, na Chuma mwalimu.

Mwezi wa Novemba wakafika mwisho wa kusini wa ziwa. Hapo wakakata shauri: Chuma atabaki Liendwe na watu wengi na sehemu kubwa ya mali, na Thomson atakwenda Lukuga na watu thelathini tu. Toka hapo mpaka Lukuga ni zaidi ya kilometa 300, bila kuhesabu mizunguko ya njia.

Kwa nini thelathini tu? Chukueni kalamu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Tufanye 30, hesabu iwe rahisi. Mtu anayepanda mlima na mzigo huo anataka kula, tuseme kilo moja ya unga kwa siku. Watu thelathini watakula kilo 30 kila siku, yaani mzigo mzima wa mtu mmoja. Kwa siku kumi watakula mizigo kumi. Na wakitaka kubeba chakula cha siku thelathini? Ni mizigo thelathini! Kila mtu atabeba unga wake mwenyewe na hakuna kitu kingine: hakuna nguo wala shanga za kununulia, hakuna chungu, hakuna dawa, hakuna hema. Na msafara wote wa watu 150 ungemaliza mizigo mitano kila siku. Ni kijiji gani cha mlimani kingeweza kuwauzia unga mwingi hivyo?

Hata leo hesabu haijageuka. Huko Marekani iko njia ya miguu inayofuata mgongo wa milima toka mpaka wa Mexico mpaka mpaka wa Kanada, kilometa 5,000 hivi, ikipita milima mikubwa na nchi za mashamba ya ng'ombe. Watu huitembea miezi mingi, mzigo mgongoni, kwa kupenda kwao. (Mama anayetoka shambani na kikapu cha muhogo atacheka akisikia kwamba wengine hubeba mizigo kwa kujifurahisha, lakini ni kweli.) Nao hawabebi chakula cha miezi yote. Hubeba cha siku chache, kisha hushuka mjini kununua kingine.

Katika Marungu ya mwaka 1879 hapakuwa na duka. Palikuwa na mashamba ya wenyeji. Kila unga ulioliwa na wale thelathini ulilimwa na mtu wa huko, ukatwangwa na mke wake, ukauzwa kwa nguo au shanga. Na wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kuingia katika nchi hizo. Mwanakijiji akiona mstari wa wageni unashuka kilimani na bunduki, alikuwa na sababu ya kukimbiza watoto wake porini. Msafara ukiingia kijiji kilichokimbiwa, ungeweza kuiba muhogo na kushiba siku moja. Lakini habari hukimbia kuliko wapagazi. Kesho yake kijiji cha mbele kingekuwa kitupu pia, au kingekuwa na mishale mlangoni.

Kwa hiyo desturi ya msafara wenye akili ilikuwa kukaa mbali kidogo, kutuma mtu mmoja au wawili wanaojua maneno, na kungoja. Chifu hupewa zawadi, naye akikubali, wanawake hutokea na vikapu vyao na bei huanza kupatanwa. Mambo hayo huchukua saa nyingi, na tumbo linanguruma. Lakini Thomson, aliyejifunza haya toka mwanzo wa safari, alirudi pwani mwisho wake bila kupiga mtu risasi.

Siku yenyewe ilianza kabla ya jua. Kirangozi alitangulia, wengine wakamfuata mmoja mmoja kwa njia nyembamba. Milimani wakati wa mvua udongo huteleza, na mwenye mzigo kichwani hawezi kutazama miguu yake. Anaisikia njia kwa nyayo. Kijito kilichofika magotini jana, leo kimefika kifuani. Nguo hulowana, na mzigo wa nguo uliolowana huwa mzito zaidi, ingawa frasila zake hazijaandikwa upya. Jioni wanatafuta kuni kavu, na kuni kavu hakuna. Hivyo ndivyo walivyopita nchi ambamo leo imo Moba, na nchi ambamo imo Mpala.

Mwishoni mwa mwaka 1879 wakashuka, wakafika Lukuga. Maji yalikuwa yakienda! Hayakwenda polepole kama alivyoona Cameron. Yalikwenda kwa nguvu, mto kamili, kuelekea Lualaba. Ziwa lilikuwa limevunja kizuizi chake mwaka mmoja hivi kabla yao. Basi Cameron hakusema uongo, wala Stanley hakusema uongo. Kila mmoja aliona mto wa mwaka wake. Baada ya hapo ziwa likazidi kushuka, karibu mita 10 kwa miaka iliyofuata, na pwani ikaongezeka. Mji wa Kalemie ulianza mwaka 1891, nao umejengwa kando ya ziwa ambalo watu wale thelathini walilikuta juu zaidi. Tena ziwa halijaacha tabia yake: mwaka 2024 lilipanda, likaingia katika nyumba za watu waliojenga karibu mno na maji.

Bonde la Lukuga ni mlango katika milima. Reli ya Kalemie na Kabalo, iliyomalizika mwaka 1915, inafuata bonde hilo. Thomson naye alitaka kulifuata mpaka Lualaba. Mwanzo wa mwaka 1880 akashika njia ya magharibi. Lakini huko mambo hayakwenda kama Marungu. Wapagazi waliogopa nchi iliyokuwa mbele, na walipoingia kwa Warua, wakanyang'anywa vitu vyao. Bila nguo na shanga hakuna unga. Ile hesabu ya kilo na siku ikawafunga. Thomson aliutaka sana mto ule, na Lualaba haukuwa mbali tena. Hata hivyo akageuka na kuwarudisha watu wake ziwani. Kwenye ramani jambo hilo linaonekana kama kushindwa. Wapagazi, bila shaka, hawakuliona hivyo.

Muda huo wote Chuma alikuwa Liendwe, miezi mingi, na watu zaidi ya mia na mali ya kuwashawishi wezi. Hakuna barua iliyoweza kumfikia upesi. Wale thelathini wangaliweza kuwa wamekufa wote mlimani, naye asijue. Mali ile ingaliweza kugawanywa, na kila mtu akashika njia ya kwao. Thomson alipofika tena Liendwe, alimkuta Chuma na watu wake wanangoja. Wakafunga mizigo upya, wakapitia Ufipa na Tabora, na mwezi wa Julai 1880 wakaiona bahari Bagamoyo.

MAULIZO

Kwa nini Cameron na Stanley hawakuona jambo moja katika mto mmoja?

Watu arobaini wanasafiri siku kumi na tano, kila mtu anakula kilo moja kwa siku. Ni mizigo mingapi ya kilo 30? Wanabaki watu wangapi wa kubeba vitu vingine?

Mnafunga safari ya miguu toka Kalemie mpaka Moba mwezi wa Januari, watu sita. Andikeni mtakayobeba, kisha futeni nusu yake. Mmefuta nini, na kwa nini?

Muulizeni mzee mmoja aliyetembea kwa miguu zamani: alilala wapi, na nani alimpa bukari?