Somo la TEHAMA: Akaunti Ngeni katika Kompyuta ya Nyumbani

Ndugu mkazi wa Chang'ombe, kompyuta ya nyumbani mara nyingi si ya mtu mmoja. Baba huandikia barua zake, watoto husomea, na mama aliyeanzisha huduma ya uchapaji sebuleni huhifadhi humo nakala za vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya taifa vya wateja wake. Tuchukue mfano kwamba siku moja kompyuta hiyo inawashwa na, kando ya majina yaliyozoeleka, linaonekana jina lisilojulikana na yeyote nyumbani. Mmoja anataka kulifuta papo hapo. Mwingine anamtuhumu kijana wa jirani aliyekuja jana kuchapisha kazi yake ya shule. Wote wawili wanahukumu kabla ya kuchunguza. Somo hili linaeleza namna ya kuchunguza katika kompyuta zinazotumia Windows.

1. Akaunti ni nini

Akaunti ni utambulisho ambao kompyuta humpa mtumiaji, pamoja na mafaili yake na mipaka ya mamlaka yake. Zipo za aina mbili. Akaunti ya kawaida humruhusu mtu kufanya kazi zake tu. Akaunti ya msimamizi huruhusu kuweka programu, kubadili nywila za wengine na kufungua mafaili yao. Kwa sababu hiyo, mhalifu aliyefanikiwa kuingia mara moja hupenda kujiundia akaunti ya msimamizi, ili kesho arudi kwa mlango wake mwenyewe hata ukibadili nywila yako.

2. Majina yasiyo na hatia

Si kila jina geni ni la mwizi. Windows huja na akaunti zake yenyewe: Administrator, Guest, DefaultAccount na, katika matoleo kadhaa, WDAGUtilityAccount. Kwa kawaida zote huwa zimezimwa. Jina defaultuser0 ni baki la zoezi la kuweka mfumo. Aidha, mtu aliyejisajili kwa barua pepe ya Microsoft huweza kukuta jina lenye herufi tano tu, kwa kuwa kompyuta huchukua herufi tano za mwanzo za anwani yake. Wengi hushtushwa na majina yao wenyewe kwa namna hii. Vilevile, fundi aliyetengeneza kompyuta, au mmiliki wa zamani wa kompyuta iliyonunuliwa mitumba, huenda aliacha akaunti yake.

3. Namna ya kupima

Andika cmd katika kisanduku cha kutafutia, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka, andika:

net user

Utaona orodha ya akaunti zote, pamoja na zile zisizoonekana wakati wa kuwasha. Kisha andika amri hiyo ukiongeza jina unalolitilia shaka, na usome mistari mitatu:

(a) "Account active": je, akaunti inafanya kazi au imezimwa?
(b) "Last logon": ilitumika lini mara ya mwisho? Neno "Never" humaanisha haijatumika kamwe.
(c) "Local Group Memberships": je, imo katika kundi la Administrators?

Akaunti iliyozimwa na isiyowahi kutumika haina sababu ya kuvunja udugu wala ujirani. Akaunti inayofanya kazi, yenye mamlaka ya msimamizi, na iliyotumika saa ambayo hapakuwa na mtu nyumbani, ni jambo zito. Kabla ya yote, waulize wanafamilia na fundi wako kwa upole.

4. Ikiwa hakuna anayeitambua

Kwanza, tenganisha kompyuta na intaneti. Pili, piga picha za skrini kwa simu, zikionyesha jina, tarehe na saa. Huo ni ushahidi. Tatu, kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, badili nywila za barua pepe na za huduma za benki.

Nne, hakikisha unayo akaunti yako ya msimamizi, kisha izime akaunti ngeni badala ya kuifuta. Fungua cmd kwa mamlaka ya msimamizi na uandike net user, jina la akaunti hiyo, halafu /active:no. Kuifuta kupitia Mipangilio huondoa pia mafaili yake, na pamoja nayo ushahidi.

Tano, kagua orodha ya programu. AnyDesk na TeamViewer ni programu halali za kuendesha kompyuta kutoka mbali, lakini kama hukuridhia ziwekwe, ziondoe. Sita, fanya ukaguzi wa programu hasidi. Dalili zikiendelea, hifadhi nyaraka zako pembeni na uweke mfumo upya.

Kuingia kwa makusudi katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Toa taarifa katika kituo cha polisi ukiwa na picha zako.

5. Kinga

Tumia akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, na kila mwanafamilia awe na yake. Fundi akihitaji nywila, iandike mwenyewe, na ukichukua kompyuta uibadili. Kompyuta ya mitumba iwekewe mfumo upya kabla ya kutumika. Wanaotumia Windows 10 wakumbuke kwamba muda wake wa kawaida wa kupewa masasisho ya usalama ulikoma Oktoba 14, 2025.

Kwa wenye huduma za uchapaji, wajibu ni mkubwa zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Nakala ya kitambulisho cha mteja ifutwe kazi yake ikiisha. Mgeni akiingia, asikute humo mali ya mtu aliyekuamini.